Nafasi ya Pili ya Bilonda

Sogeeni kidogo, na mwenye mtoto anayelia amnyamazishe kwanza, kwa sababu habari hii ya Blandine Bilonda mtu akiikosa mwanzo wake anaishia kumlaumu asiyestahili. Wapo waliomlaumu baba yake. Wapo waliomlaumu yeye mwenyewe, eti ana kichwa kigumu. Mimi nilikaa karibu nao kambini, niliona na kusikia, na hadi leo sijajua nimkasirikie nani. Hasira ninayo, tena nyingi. Pa kuiweka ndipo sina.

Bilonda alizaliwa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi. Baba yake, tata Badibanga, alizaliwa humo humo. Babu ndiye aliyeletwa kwa treni kutoka Kasai, enzi za wazungu, kuja kuchimba shaba. Kwa hiyo kwao kulikuwa Kasai, lakini Kasai yenyewe Bilonda hakuwa ameiona hata kwa picha. Lugha ya huko aliijua ya kusalimia na ya kutukana, basi. Mengine yote aliyasema kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kama sisi sote.

Tangu mdogo alisema atakuwa daktari. Watoto wengi husema hivyo, lakini huyu alitutesa. Kuku akichinjwa kwao, yeye ndiye aliyempasua, tena polepole, akaita watoto wa jirani waje waone moyo ulivyokaa na ini lilivyolala. Mama yake, mama Kalombo, alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni:

"Bilonda! Ile kuku ni ya kula, haiko ya kufundisha!"

Alimaliza sekondari kwa alama nzuri. Kilichobaki ni konkuru, yaani mtihani wa kuingilia fakulte ya udaktari katika chuo kikuu kule Lubumbashi. Na fakulte ilikuwa na sharti moja ambalo ndilo mzizi wa habari yote hii: konkuru unaruhusiwa kuifanya mara mbili tu. Ukianguka ya kwanza, unabaki na nafasi moja. Ukianguka ya pili, mlango umefungwa, nenda kasome kingine, au rudi nyumbani ukauze mafuta ya mawese.

Bilonda aliifanya mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka 1992. Akaanguka. Alianguka kwa alama kidogo sana, na kilichomwangusha ni fizikia. Rafiki yake Laurentine, binti wa tata Mukalay, nyumba iliyotazamana na yao, alianguka naye, tena vibaya kuliko yeye.

Sasa ikawa swali: nafasi ya pili aitumie lini? Wakati ule kalenda ya masomo ilikuwa imevurugika. Migodi ilikuwa inakufa moja baada ya nyingine, mashine zimesimama, vyuo vinafungwa na kufunguliwa kama mlango wa kilabu. Ilitangazwa kwamba konkuru nyingine itafanywa Agosti, halafu nyingine tena mwaka ujao, Mungu akipenda na umeme ukiwepo.

Jamani, kambi nzima ikawa na maoni. Mtu ambaye maishani mwake hajakanyaga hata ua wa fakulte anamsimamisha binti njiani: "Rudia mbio, mama, ingali ya moto mu kichwa." Mwingine, amebeba ndoo ya maji, haweki hata chini: "Hapana, hapana, we pumuzika kwanza, kichwa ipoe." Katekista alitaka novena, zile sala za siku tisa, ipite kwanza. Bilonda mwenyewe alitaka Agosti. Alisema wazi: "Nilikosa fizikia tu. Fizikia nitaimaliza kwa miezi hii. Agosti ninaenda."

Lakini nyumbani mwenye neno la mwisho alikuwa baba yake, na hapo ndipo mkosi ulipoingia.

Tata Badibanga kazi yake ilikuwa kupiga baruti katika machimbo ya Mashamba. Wanatoboa matundu kwenye mwamba, wanashindilia baruti, watu wanaondoka mbali, kipenga kinalia, mlima unaanguka. Ni kazi ya watu watulivu. Na ina sheria moja iliyo juu ya sheria zote: tundu moja likikataa kulipuka, hakuna kurudi kulitazama. Unakaa mbali, unangoja, unangoja tena, hata mkubwa wa wakubwa akipiga kelele kwamba kazi inachelewa. Tata Badibanga alikuwa na mwenzake aliyerudi haraka. Walichomletea mjane wake ni kofia ya chuma.

Sheria ile ilimwingia mtu huyu mpaka kwenye mifupa. Redio ikinyamaza, hakuigusa. Alikaa upande wa pili wa chumba akiitazama. Baiskeli ikikatika mnyororo, aliiacha ilale mpaka kesho yake. Mkewe akinuna, hakumwuliza kitu hadi jua lizame. Tulizoea, tulikuwa tunacheka.

Basi akasema: "Mutoto amekataa mara moja. Sasa tunangoja. Hapana kurudia mu tundu mbio."

"Tata, mi haiko baruti!"

"Baruti nayo haijui kama iko baruti. Ngoja."

Mama Kalombo akasema, Bilonda akalia, paroko akaja kunywa chai na kusema neno. Haikusaidia. Hata tata Mukalay alijaribu. Mukalay ni Mluba wa kaskazini mwa Katanga. Yeye na Badibanga walikuwa wamepiga baruti pamoja miaka mingi, kikosi kimoja, sheria moja, chupa moja siku ya mshahara. Alikuja akasimama uani.

"Badibanga, unanipatisha haya. Ile sheria ni ya pa machimbo, haiko ya mu nyumba. Mi Laurentine wangu ataenda Agosti."

"Na akianguka tena?"

"Akianguka tena nitaokota bipande, nitamuolesha bwana. Kuko mutoto wa kapita, ule musimamizi wetu wa kazi, anamuangaliaka."

"Basi okota," tata Badibanga akasema. "Wangu atangoja."

Agosti ikafika. Laurentine akaenda. Na Laurentine akapita! Laurentine, ambaye shuleni alikuwa akinakili kwa Bilonda hadi makosa. Siku habari zilipofika, Bilonda alijifungia chumbani, na sisi nje tukawa tunazungumza kwa sauti ya chini kama msibani. Halafu akatoka, amenawa uso, akavuka njia, akamkumbatia mwenzake, na wiki ya kuondoka alimbebea sanduku kichwani hadi stesheni. Sijui kama mimi ningeweza.

Mama Kalombo yeye hakuweza. Jioni ya siku habari zilipofika alimwekea mumewe bukari, yaani ugali, ya moto, imeviringwa vizuri, na pembeni hakuna kitu.

"Mboga iko wapi?"

"Tunangoja," mama Kalombo akajibu.

Alimlisha bukari kavu mpaka Jumapili.

Tata Badibanga alikuwa na jibu lake: mwaka ujao hauko mbali. Kweli, kwa kalenda haukuwa mbali. Lakini tayari kule Likasi watu wenye asili ya Kasai walikuwa wameanza kufukuzwa majumbani, eti ni wageni waliokuja kula kazi za wenyeji, wakilala stesheni na watoto, na sisi huku Kolwezi tukawa tunasema haitafika kwetu. Kwetu tumeoana mno. Kwetu tunaimba kwaya moja. Tuliyasema hayo kila Jumapili mpaka Machi 1993, ilipofika.

Vijana walipita nyumba kwa nyumba na fimbo na madumu ya petroli, wakiimba kwamba wadudu warudi kwao. Wadudu! Waliitwa hivyo na watoto waliokua wakila katika sufuria zao. Walipofika njia yetu, tata Mukalay alitoka mlangoni pake, amevaa kofia yake ya kazi, akainua mikono yote miwili kama wanavyofanya machimboni.

"Musikaribie ile nyumba! Badibanga eko na baruti mu chumba! Ikishika moto, tunakufa shi bote, na ninyi mbele!"

Uongo mtupu. Katika nyumba ile hapakuwa na kitu cha kulipuka isipokuwa mama Kalombo. Lakini vijana walimwona mtu wa baruti, kofia kichwani, anarudi nyuma hatua kwa hatua, wakarudi nyuma nao. Wakasimama kule mwisho wa njia, wanasubiri. Kwa muda ule Badibanga na mkewe wakafunga mizigo: sufuria, mablanketi, cherehani, nguo za watoto watatu wadogo. Bilonda alichukua kitabu cha kemia. Cha fizikia kilikuwa chini ya kitanda, na katika fujo ile akakisahau. Fizikia! Kati ya vitabu vyote!

Walikimbilia shule moja karibu na stesheni, pamoja na mamia ya wengine, nasi majirani tukawa tunakwenda kuwatazama. Madarasa yalijaa. Kila familia ilikuwa na kipande chake cha sakafu, mipaka yake ni mizigo. Walikuwa wanangoja treni za kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, na treni hazikuwa na ratiba: inakuja inapokuja, anayewahi anapanda, asiyewahi anabaki, na hakuna anayeweza kumwambia ijayo ni lini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Konkuru ya mwaka ule ilikuwa imeshatangazwa redioni tangu zamani. Iliahirishwa mara moja. Ikaahirishwa tena. Mwishowe ikatangazwa kwamba wa Kolwezi hawatakwenda Lubumbashi kwa sababu ya usalama, maswali yataletwa hapa hapa. Na ukumbi uliochaguliwa, hata kabla ya fujo, ulikuwa shule ile ile, darasa lile lile ambalo Bilonda alikuwa amelala humo kati ya cherehani na ndoo.

Mjadala ukaanza upya, mara hii sakafuni. Mama Kalombo alipinga.

"Unabaki na nafasi moja, mwanangu. Utaitupa hapa, na njaa, na kelele, bila kitabu? Iweke. Tutaenda nayo Kasai."

"Mama, nafasi haiko sufuria, ya kufunga mu blanketi."

"Ukianguka, imeisha."

"Nikiiacha, nitaifanyia wapi? Fakulte iko Lubumbashi. Nani ataniacha nirudi Lubumbashi?"

Majirani wa sakafuni nao, watu waliopoteza nyumba jana, wakasahau nyumba zao wakaanza kushauri. Asubiri. Asisubiri. Mzee mmoja aliyekuwa karani alitaka kura ipigwe. Ni tata Badibanga peke yake aliyenyamaza. Alikaa ameegemea ukuta, hakusema ngoja, hakusema nenda, na ukimya wake uliwaudhi watu kuliko maneno yake yote ya mwaka uliopita.

Siku ya mtihani akafika bwana mmoja kutoka fakulte, anaitwa Polycarpe, mwalimu msaidizi, amevaa tai na vumbi la barabara nzima, bahasha zenye lakiri zimebanwa kwapani. Nyuma yake wamefuata watahiniwa wa mjini, wameoga, wana kalamu mbili mbili. Akasimama mlangoni. Kamba ya nguo imepita mbele ya ubao. Mtoto anaogeshwa kwenye beseni mahali pa mwalimu.

"Hii njo ukumbi ya konkuru?"

"Njo hii, tata, karibu," mama Kalombo akasema.

"Na madawati iko wapi?"

Mama Kalombo akaonyesha chungu cha maharagwe, kinachochemka nje.

"Mulikula madawati?"

"Hapana, tata. Tuliipikia."

Polycarpe alikaa kwenye kizingiti, akaweka bahasha magotini, akafunika macho kwa mkono. Nadhani alitaka kulia, lakini watu walikuwa wengi mno. Alipoinuka alikuwa ameamua: familia zitoke nje mpaka mtihani uishe, mizigo ibaki, watahiniwa wataketi juu ya mizigo.

Kina mama walikubali kwa masharti. "Mwenye kukaa pa mutumba yangu asisukesuke, kuko masahani." "Ule mwenye makalio makubwa aende pa magodoro." Vijana wa mjini waliketi mmoja mmoja, wengine wakiona haya, maana kulikuwa na mtu pale aliyekalia blanketi la familia ambayo kaka yake alikuwa ameifukuza. Bilonda alikalia cherehani yao.

Mmoja wa wale wa mjini akainua mkono. "Bwana mwalimu, na hawa ba Kasai, banaandika nao?"

Polycarpe akakata lakiri ya bahasha.

"Mi nilitumwa na maswali," akasema. "Ile swali yako haimo."

Halafu akawaonya wote: atakayeketi leo, imehesabiwa. Atakayetoka kabla ya saa ya mwisho, ameanguka. Bilonda akamtazama mama yake dirishani, mama yake akatikisa kichwa: hapana. Tata Badibanga alikuwa ameinamisha uso. Bilonda akapokea karatasi.

Biolojia ilikwenda. Kemia ilikwenda. Wakaingia fizikia, na ndipo treni ikapiga honi.

Nje paliinuka kelele moja, kama paa linaloezuliwa. Treni! Na mizigo yote imo ndani, chini ya watahiniwa. Kina mama wakauendea mlango. Polycarpe akatandaza mikono.

"Bamama, tafazali! Hii ni mutihani ya fakulte!"

"Na hii ni mufuko yangu!"

Walimpita kama maji. Kila mama alitafuta mzigo wake, akaushika pembe, akavuta. Kijana wa kwanza aliinua makalio bila kuacha kuandika, akakaa tena, pakawa hakuna kitu, akaanguka chali na karatasi kifuani. Mwingine aling'ang'ania godoro, akaburutwa nalo hadi mlangoni anapiga hesabu. Masahani yalivunjika. Polycarpe alikuwa anapaza sauti, "Imebaki saa moja! Imebaki saa moja!" sijui anamwambia nani.

Mama Kalombo akafika kwa binti yake. "Simama, twende."

"Mama, niko pa fizikia."

"Fizikia itakupeleka Mwene-Ditu? Simama!"

"Nikisimama nimeanguka."

"Na usiposimama utabaki hapa peke yako na bale benye madumu!"

Tata Badibanga akaingia. Alikuwa ameshawapandisha wale wadogo katika behewa na kuwakabidhi kwa jirani. Sote tulimtazama, kila mtu anajua atakalosema. Hakulisema. Aliinama, akaitoa cherehani polepole chini ya binti yake, akamkunjia koti lake chini mahali pake. Kisha akamgeukia mkewe.

"Panda na batoto. Mi nabaki na huyu."

"Na kama hakuna treni ingine?"

"Itakuja."

"Unajua je?"

"Sijui."

Mama Kalombo alimtukana kwa lugha ya Kasai kuanzia darasani hadi ndani ya behewa, na cherehani kichwani, na hakurudia tusi hata moja. Treni ikaondoka. Bilonda alimalizia fizikia amelala kifudifudi sakafuni. Kelele zilikuwa zimeisha ghafla. Ukumbi ule, mkitaka kujua, haujapata kuwa mtulivu kama saa ile ya mwisho. Baba yake aliketi nje chini ya dirisha mpaka karatasi zikakusanywa.

Treni nyingine ilikuja, lakini si upesi, na ilikuwa ya mabehewa ya wazi. Mvua iliwanyeshea hadi Tenke, jua likawakausha hadi Lubudi. Pale Lubudi treni ilisimama sana. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mihogo kando ya reli alimpa Bilonda mmoja bila kuomba kitu, akamwuliza baba:

"Tata, munatoka wapi?"

"Kolwezi."

"Na munaenda wapi?"

"Banasema ni kwetu," Badibanga akajibu.

Mama Kalombo walimkuta Mwene-Ditu, ameshapata chumba na ameshaanza kushona. Watu wa pale walikuwa wanawaita watu wa Katanga, na watoto walicheka lugha yao. Tata Badibanga, mtu wa baruti asiye na mlima, alivunja mawe kwa nyundo na kuwauzia wajenzi. Bilonda alisaidia katika zahanati moja, akiosha vyombo na kuwafunga watu vidonda, akingoja habari ya mtihani kama wengine wanavyongoja mvua.

Habari ililetwa na mtu wa reli. Laurentine, kule Lubumbashi, aliisoma orodha ukutani, akakimbia hadi stesheni kumtafuta mtu anayekwenda upande ule.

"Blandine Bilonda ni nani? Laurentine anasema hivi: umepita. Tena uko juu sana, juu kuliko pahali yeye alikuwa."

Mama Kalombo alicheza katikati ya njia, na uzi wa cherehani shingoni. Alipochoka akamshika mtu wa reli koti.

"Na masomo yanaanza lini?"

"Ilishaanza, mama. Banafunga majina Ijumaa."

Siku ile ilikuwa Jumatano.

Hata kama ingekuwa mwezi mzima, angekwendaje? Hakuna mtu wa Kasai aliyekuwa anapanda treni ya kurudi kusini wakati ule. Laurentine alikuwa amefikiria hilo pia, akamtuma yule bwana na maneno mengine: jina Bilonda liko kwa Waluba wa Kasai na liko kwa Waluba wa Katanga. Aje tu. Atasema ni binamu yake, kijiji kimoja, nani atajua?

Bilonda aliwaza mpaka mtu wa reli akaanza kutazama saa yake.

"Umwambie Laurentine aksanti. Lakini kila saa nitaogopa nani ananitambua. Na baba yake, nimuite nani? Tata mudogo? Nitacheka."

Akamwomba jambo moja tu: Laurentine aende ofisini aulize kama nafasi inaweza kuwekwa hadi mwaka ujao. Jibu lilichukua majuma. Nafasi haiwekwi. Aliyepita asipofika, anaanza upya na konkuru. Basi, Laurentine akauliza tena, mwenzake aifanye lini? Hapana, hawezi kuifanya. Ameshaitumia mara zote mbili: moja ameanguka, na moja amepita.

Mnasikia? Kupita kwenyewe kumehesabiwa kama mara! Mama Kalombo aliposikia aliweka mkasi chini, akaenda kukaa uani, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Ni tata Badibanga aliyekuja na habari nyingine, kutoka kwa mjenzi mmoja aliyenunua mawe kwake: Mbuji-Mayi kumefunguliwa chuo kipya, kina udaktari, nao wana konkuru yao.

"Aende kesho," akasema.

"Tata, konkuru yao ni mwezi wa kumi," Bilonda akasema.

"Basi aende kesho, angojee kule kule."

Alikwenda siku tano kabla ya mtihani, na mara hii hakuna aliyemwambia angoje. Siku yenyewe, mlangoni alimkuta msimamizi, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Umeshafanya konkuru ya udaktari kabla ya hii?"

Bilonda alikuwa amejiandaa kusema uongo, lakini uchovu ukamshinda. "Mara mbili."

"Ukaanguka mara mbili."

"Mara moja. Ya pili nilipita."

Mzee akavua miwani. "Ulipita. Sasa unarudia nini?"

"Ile ile niliyopita, tata. Kule banasema nimeimaliza. Kama na huku munahesabu, muniambie sasa hivi nirudi nyumbani, nisikalie kiti cha mutu bure."

"Kule ni wapi?"

"Lubumbashi."

"Aa." Mzee akarudisha miwani yake. "Ya Lubumbashi inatuhusu nini sisi? Hapa hatuhesabu. Hata mara kumi. Ingia, unazuia njia."

Hakuwa na furaha, mwenyewe alituambia baadaye. Alikuwa na hasira. Miaka miwili ya ugomvi kuhusu nafasi moja, bukari kavu, mama amepanda treni akitukana, baba amebaki kwenye mji unaomtaka afe, yote kwa ajili ya hesabu ambayo hapa mzee wa miwani hata hataki kuisikia. Aliandika kwa hasira ile ile, akamaliza fizikia kwanza.

Alipita. Orodha ilipotoka alirudi Mwene-Ditu mbio kwa lori la mahindi, kuwaambia na kuchukua nguo. Alimkuta mama yake uani, naye akamsikiliza hadi mwisho bila kucheza.

"Masomo yanaanza lini?"

"Jumatatu ya wiki ijayo, mama."

"Lori iliyokuleta iko wapi?"

"Pale sokoni, inashusha."

Mama Kalombo akamgeuza kwa mabega, uso kuelekea njiani. "Rudi nayo. Nguo nitakuletea mi mwenyewe. Nenda, ukae pa mulango yao, usitoke hata kama kunawaka moto."

Na Bilonda akarudi na lori lile lile, bila kunywa maji.